Hesabu Niliyomtungia Mpishi wa Shule

Siku mama yangu alipovunja benchi la jikoni shuleni, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Subirini nieleze kabla hamjanitukana.

Mama aliajiriwa kupika shuleni kwetu nikiwa kidato cha pili. Nilimwomba kitu kimoja tu: tusijuane pale. Akasema, "Sawa, mwanangu." Basi nikawa namwita Bi Mpishi kama wenzangu, naye ananipakulia chakula kama hanijui.

Benchi lilivunjika akiwa amelikalia, kapakata gunia la unga. Foleni nzima tulivunjika mbavu.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa anatufundisha kugeuza mafumbo ya maneno kuwa hesabu zenye alama za zaidi na pungufu. Akataka kila mtu atunge fumbo lake, liwe la maisha ya kweli.

Mimi na kupenda sifa kwangu, nikaandika: Benchi linabeba kilo zisizozidi 120. Mpishi amelikalia na unga wa kilo 25. Benchi limevunjika. Mpishi ana uzito gani?

Mwalimu alilipenda, akalinakili ubaoni.

"Zisizozidi ni pale benchi likiwa zima," akasema. "Hili limevunjika. Alama inaelekea wapi?"

"Uzito umezidi, mwalimu," nikajibu.

Akaandika:

x + 25 > 120
x > 95

Darasa likaangua kicheko. Nilijiona staa, msinione hivi.

Kugeuka, mama yuko mlangoni na birika la chai ya mwalimu, anausoma ubao. Akaweka birika mezani, akatoka taratibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nilimkuta nyumbani anapiga pasi sare yangu.

"Njoo unieleweshe ile hesabu," akasema. "Mimi shule niliishia njiani. Ile x ndiyo mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na kutunga, ulitunga wewe?"

Nikakiri.

Akageuza shati upande wa pili. "Inasema nimezidi tisini na tano. Sasa nikishuka chini ya hapo, tutajuana?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli.

Neno moja tu la msamaha lingetosha. Sikulisema. Nilikwenda kulala na aibu yangu.

Mnadhani kesho yake nilijirekebisha? Wapi. Nilishika foleni, akanipakulia, nikasema, "Asante, Bi Mpishi."

Wenzangu wakaanza kusema Bi Mpishi siku hizi hali chakula cha mchana. Nyumbani pia alikuwa anasema ameshiba. Nikajifanya simwelewi.

Ilinichukua miezi mitatu kumwita mama mbele ya watu. Siku hiyo gauni lilikuwa linampwaya, na kabla hata hajaitika aliniambia kwa sauti ya chini, "Nimefika themanini na nane."

Leo nafundisha hesabu hizo hizo, na mafumbo yote natunga mwenyewe. Simweki mtu ndani yake.

Ndugu zangu, mzazi hana kiwango cha kufikia ndipo awe wako. Ukimwekea, atajitahidi akifikie.