Nimechagua bunduki nzito, nimekosa safari ya nyumbani

Jumamosi. Mwezi wa nane tangu nitoke Kasulu.

Jamani, leo nimejiharibia mwenyewe.

Klabu ya shabaha hapa Rugu ilikuwa inatafuta timu ya kwenda kushindana Kasulu wiki ijayo, kwa gari lao.

Tukaambiwa kila mtu achague bunduki ya upepo. Mimi nikazipima begani, kama mkungu wa ndizi. Nikachukua nzito kuliko zote.

Kocha akanionya: "Kaka, hiyo itakulemea mkono wa mbele, si bega."

Nikabisha.

Risasi ya tatu tu, mkono ukaanza kutetemeka. Zilizobaki zote nje ya karatasi.

Jovin, mbeba ndizi mwenzangu, alichukua nyepesi. Amepita.
"Nikusalimie shemeji?" ananiuliza.

Mngekuwa nyie mngemjibu nini?

Mama Neema, mke wangu, usinipikie wiki ijayo. Nitakuja kahawa ikishavunwa.