Zena aficha majina, jibu la kweli lapanda juu

Chai ya Zena Hanif inapoa mezani. Katika ofisi ndogo juu ya duka la dawa, Adams Arcade jijini Nairobi, anasoma matusi aliyoandikiwa tangu jana. Mmoja anamwita kibaraka wa serikali. Mwingine anamwita kibaraka wa upinzani.

"Wakinitukana pande zote mbili, najua nimekaa katikati," anasema akitabasamu.

Zena, mzaliwa wa Lamu na mkazi wa Ngara, ni msimamizi wa Tuulizane, tovuti ambako watu huuliza maswali na kujibiana. Wasomaji hupiga kura: jibu zuri hupanda, baya hushuka hadi likafichwa.

Siasa ilipopamba moto, kura hizo zikaanza kufuata vyama.

Mercyline, muuza mboga wa Ngara, aliuliza atapigaje kura Nairobi ilhali alijiandikisha kwao Kakamega. Joash Oduor, fundi wa umeme wa Mutuini, akamjibu sawasawa: ahamishe kituo kabla usajili haujafungwa. Lakini Joash hafichi chama chake. Mahasimu wake walimshusha hadi jibu likazikwa. Juu likabaki la mtu aliyedai kitambulisho kinatosha, kituo chochote.

"Chama cha Joash mimi sikipendi hata kidogo," Zena anasema. "Lakini huyo mama angefuata jibu la juu, angerudishwa mlangoni."

Zena alipotaka kuingilia kati, mkubwa wake, Debra Nzioka, aliingiwa na wasiwasi. "Ukifuta kura zao, watasema tumenunuliwa."

"Sifuti hata moja. Nataka wapige upya bila kujua nani ameandika."

Debra akampa wiki moja. Kwa maswali yote ya uchaguzi, Zena akaficha majina na idadi ya kura, akaweka kura za awali kando ili kila mtu apige upya. Anayeshusha jibu akatakiwa aeleze kosa lake.

Kelele zikawa nyingi, wengine wakatishia kuihama tovuti. Zena hakutetereka. Kisha jibu la Joash likaanza kupanda, mpaka likawa la kwanza. Majina yalipofunuliwa, Zena akakagua kura: wengi waliolipandisha walikuwa walewale waliolizika.

"Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu," anasema Zena.

Mercyline alihamisha kituo mara moja. "Ningekaa tu nikingojea siku ya kura," anasema. "Sasa kura yangu iko hapa Ngara."

Debra ameamua utaratibu huo ubaki. Zena anatafuta wasimamizi wa kujitolea kutoka kila chama, na wa kwanza kuomba ni Joash.

"Nikamwambia, 'Mzee, utakuwa unalinda hata majibu ya wale wa chama kingine.' Akanijibu, 'Hiyo ni sawa, madam. Bora yawe ya kweli.' Jumatatu anaanza."