Gambuti za Baba

Baba yangu haisikii miguu yake. Kisukari kilimtia ganzi kuanzia vidoleni, ganzi ikapanda mpaka vifundoni, na siku moja alirudi kutoka shambani akiacha damu mlangoni bila kujua kwamba amekanyaga msumari. Muuguzi wa hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale alimwambia mbele yetu: kidonda kingine kama hiki na mguu utakatwa. Lakini kumwambia Baba aache shamba lake la bondeni, ambako matope hayakauki, ni kumpigia mbuzi gitaa. Basi zikatakiwa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira.

Mama alizitazama za soko la karibu, Rwekubo, akazikataa zote, kwa hiyo tukaenda mjini Mbarara watatu. Tulifika mapema, naye akatukalisha kwenye baraza la duka tungoje jua lishuke. Mguu wa Baba huvimba jioni, na gambuti inayomtosha asubuhi itakuwa inambana saa za kurudi nyumbani. Nilikuwa na njaa, na sikujisumbua kuficha uso wangu.

Jua lilipolegea, Baba akavaa pea ya kwanza.

"Iko muzuri," akasema. "Tulipe, tuende."

"Wewe, hata ya mawe utasema iko muzuri," Mama akamjibu.

Ni kweli. Kila gambuti kwa Baba ilikuwa nzuri, maana mguu wenyewe haukuwa na la kulalamika. Mama akamvua, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. Vidole vyake vilipapasa unyayo, kisigino, ncha ya mbele, polepole, kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele. Kitambaa cha ndani kilikuwa na mshono mgumu kisiginoni. Akairudisha.

Pea iliyofuata ilipita mtihani wa mkono. Hapo Mama akaomba soksi za Baba, akazivaa, akatumbukiza miguu yake mwenyewe ndani ya zile gambuti. Mama ana miguu mikubwa, sawasawa na ya Baba. Kule kwetu Kivu mashangazi walimtania siku ya harusi kwamba huyu hatamfilisi mume kwa viatu, atavaa vyake. Sasa alikuwa anatembea nazo mbele ya duka, anachuchumaa, anainuka, anainama kama Baba anavyoinama akipalilia.

Muuzaji, Mnyankore mwenye sauti kubwa, akacheka. "Mama, hii kiatu ni ya muzee ama ni yako?"

"Ni yake. Lakini miye njo nitasikia."

Nikamweleza habari ya ganzi, na kwamba Mama ndiye wa kusikia. Akaacha kucheka, akamletea Mama kigoda, akaanza kushusha pea nyingine kutoka juu bila kuambiwa.

Mama akavua, akageuzia nyayo zake kwenye mwanga. Kando ya kidole kidogo palikuwa na alama nyekundu. Kwake ni alama tu. Kwa Baba ingekuwa kidonda, kisha usaha, kisha msumeno. Akatikisa kichwa, akachukua pea nyingine, akaanza upya.

Nilipigwa na butwaa. Nimesikia mahubiri mengi kwamba mume na mke ni mwili mmoja, nikaitikia amina pamoja na wengine, lakini sikuwahi kuuona huo mwili ukifanya kazi. Njaa ilinitoka. Nilisimama kando ya ngazi, nikiwazuilia watu njia.

Pea ile ya mwisho ilikuwa nyeusi, nzito kidogo, shingo yake pana. Mama alitembea nayo mpaka mwisho wa mtaa, akarudi. Baba alikuwa amekaa kwenye baraza, miguu peku, ameinama mbele akimtazama kwa makini, hana mzaha hata kidogo.

"Inaniumiza?" akamuuliza.

Mama akasimama. Akakanyaga kwa nguvu mguu mmoja, kisha wa pili, akangoja kidogo.

"Hapana," akamwambia. "Haikuumizi."