Chujio la Sauti ya Babu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa naosha vyombo. Jana uliniuliza kwa nini chujio moja la sauti linataka betri na jingine halitaki, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu dagaa walikuwa wanaungua. Leo sina kitu motoni. Kaa nikueleze vizuri, maana jibu lake nililipata siku babu yangu, Mzee Luhende, alipokuwa karibu kuacha kuimba.

Babu alikuwa manju wa ngoma, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, kule Misungwi. Ninyi wa siku hizi mmezoea kuziona ngoma za Kisukuma jukwaani, kundi moja likimaliza jingine linaingia. Kwetu haikuwa hivyo. Baada ya mavuno makundi mawili yalicheza kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wakahamahama katikati. Ukiwavuta wengi umeshinda. Wakikuacha, unabaki unawaimbia mbuzi.

Mwaka ule sauti ya babu ilikuwa imeanza kuchoka, na kundi la pili lilikuwa na manju kijana mwenye kifua kipana. Wachezaji wa babu walimpenda, lakini wakaanza kumpunguza. Wimbo huu mrefu uache, ule wa juu mwachie mwingine, wewe kaa kwenye kiti utupe baraka. Babu akasema ataimba mara moja tena, na watu wakimkimbia ataacha ngoma moja kwa moja. Kisha akapanda gari kuja Mwanza kunitafuta. Mimi nilikuwa msichana ninayejifunza ufundi wa redio pale Mabatini, kwa Mzee Rwegasira, Mhaya mmoja wa maneno machache ambaye angeweza kukugombeza huku anakumiminia kahawa.

Shida ya babu ilikuwa hii. Alishapata maikrofoni, amplifaya na spika za honi, lakini akisimama karibu na ngoma, maikrofoni ilibeba mdundo na upepo zaidi kuliko maneno. Kilichotoka spikani ni ngurumo, na babu yumo ndani yake kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kinachohitajika hapo ni chujio, yaani kitu cha kupitisha sauti za juu ambako maneno yapo, na kuzuia zile nzito za chini.

Nikaunda la pasivu, ndilo hilo lisilotaka betri. Ni rahisi mno: kapasita moja na rezista moja, vidude viwili vidogo vya redio. Kapasita inapitisha mitetemo ya haraka na kuikatalia ya polepole, basi. Tukaleta ngoma karakanani, babu akaimba, ngurumo ikapungua kidogo. Hicho kidogo hakikunitosha. Nikaunganisha la pili nyuma yake, kisha la tatu. Ngurumo ikaisha, na babu naye akaisha. Kila chujio lilikuwa linamega sauti iliyotoka kwenye lile la mbele yake, na hakuna lililokuwa na kitu cha kurudisha. Nikafungulia amplifaya mpaka mwisho, spika zikapiga mluzi hata jirani yetu mwenye cherehani akaja kuuliza tunachinja nini.

Mzee Rwegasira alikuwa anasikiliza muda wote. Akaweka kikombe chini.

"Binti, umemchuja babu yako mpaka amekwisha," akasema. "Kuondoa umeondoa. Umemrudishia nini?"

Babu alicheka, lakini kilikuwa kicheko kifupi. Maneno yale yalikuwa yanafanana sana na yaliyompata kule kwa wachezaji wake. Nilimhurumia siku ile kuliko siku yoyote, nikainamisha uso nikijifanya natafuta waya.

Basi mzee akanifundisha chujio la aktivu. Kapasita zile zile, rezista zile zile, ila katikati yake unaweka IC, kile kidude cheusi cha kukuza sauti chenye miguu minane, na hiyo IC inalishwa na betri zake. Inapokea sauti dhaifu bila kuimega, kisha inaitoa ikiwa na nguvu, na nguvu hiyo haitoki kwenye sauti ya mwimbaji, inatoka kwenye betri. Kwa hiyo unaweza kupanga machujio mawili matatu na mwisho wake bado ukamsikia mtu, tena zaidi ya alivyoingia. Ungetaka kuikata ngurumo kwa ukali ule kwa njia ya pasivu, ungehitaji koili ya waya mnene, nzito kama tofali. Nilipojaribu, babu aliita jina langu kwenye maikrofoni nikalisikia mpaka herufi ya mwisho. Nikaruka kwa furaha.

Ujana ni ujana, nikataka pale pale kung'oa chujio la pasivu, yaani koili na kapasita zilizokuwa ndani ya spika kubwa ya mbao ya karakana, nazo nizibadilishe niweke IC. Mzee akanishika mkono. Akaniambia pale umeme mkubwa umeshatoka kwenye amplifaya, IC yangu ingeungua kabla sijamaliza kusimulia. Lile la pasivu linaubeba mzigo huo miaka na miaka, halidai chakula, na hakuna anayelisifu.

Babu akaondoka na chujio lake ndani ya kiboksi. Wiki moja baadaye nikaenda Misungwi siku ya mashindano. Mwanzoni watu walijaa kwa yule kijana. Babu akaanza taratibu, na maneno yakafika. Wakaja kwanza akina mama wa makamo waliozijua nyimbo zake, wakaja wanaume, wakaja watu wa mnadani na kuku zao mikononi. Katikati ya wimbo wa mwisho sauti ikaanza kukwaruza, halafu ikakata. Nikakimbilia kile kiboksi. Betri zimekufa kabisa. Kumbe babu hakuwahi kukizima tangu nilipompa, hata usiku, kwa kuogopa kwamba kikilala kitaamka kimesahau kazi.

Akanitazama, akawatazama watu. Walikuwa karibu kiasi kwamba vumbi la wachezaji lilitua kwenye viatu vyao. Akaweka maikrofoni chini, akaimba kwa koo lake lile lile lililochoka. Na wapiga ngoma, wale wale waliomwambia akae kwenye kiti, wakashusha mikono, wakapiga kwa ncha za vidole ili apite. Watu wakaitikia. Hakuhama hata mmoja.

Jioni aliniambia, "Wabeja, mjukuu. Asante sana. Ila kitu chako kinakula." Aliimba misimu mingine mingi baada ya hapo.

Sasa, mwanangu, wewe umeanza kushika vijana karakanani, na nimekusikia ukiwasahihisha. Hapa umekosea, pale umekosea, acha hiki, toa kile. Ngurumo lazima ikatwe, sikatai. Lakini ukishakata, mrudishie kijana nguvu, neno moja la kumwinua, asije akatoka kwako hana makosa na hana sauti. Ujue pia kwamba nguvu hiyo hutaichota kwake, itatoka kwako. Kwa hiyo kula, lala, pumzika, na kaa na watu wanaokujaza. Na yule mtulivu anayebeba mzigo mzito pale nyuma bila kudai chochote, usiende kumbadilisha kwa sababu tu una kitu kipya mkononi. Mpe heshima yake.

Mungu aibariki mikono yako. Akuletee wa kukushushia ngoma siku utakayopungukiwa, na kila anayepita kwako atoke na sauti kubwa kuliko aliyoingia nayo.