Pikapu ya Shemeji na Mgongo wa Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, ana pikapu ambayo matako yake yako juu kuliko kichwa. Ukiikuta imeegeshwa mtaani kwetu Soweto, hapa Mbeya, haina mzigo, utadhani imeinama kuokota kitu. Wanaume wenzake wakipita wanaipigapiga bodi kama wanampongeza ng'ombe: "Hii gari imesimama, mzee!" Mimi nikisikia neno hilo, hasira zinanipanda mpaka leo.

Springi za nyuma za pikapu ni mapande ya chuma yaliyolaliana, refu juu, fupi chini. Gurudumu likikanyaga jiwe, mapande yanatakiwa yapinde na kuteleza moja juu ya jingine, gurudumu lipande peke yake, bodi ibaki imetulia. Ndivyo yalivyotengenezwa. Lakini shemeji anabeba tumbaku kutoka Chunya, na kila msimu anakwenda kwa fundi kuongeza pande. Huku kwetu hakuna mwenye gari la mzigo anayepunguza. Gari likishuka kidogo nyuma ni aibu, sawa na mtu mzima kuvukwa na suruali sokoni. Basi aliongeza mpaka springi ikawa gogo. Ikiwa na marobota inatembea kama gari. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi.

Na mama yangu ni mwepesi kuliko robota.

Mama anaishi kijijini, ndani kabisa huko Chunya. Aliteleza kisimani akaumia mgongo, na daktari wa hapa Mbeya akasema kila mwezi aletwe kwa mazoezi ya viungo, la sivyo miguu itaendelea kufa ganzi mpaka aache kutembea. Hakusema "labda". Kutoka kwa mama hadi kwenye lami hakuna basi, kuna makorongo na mawe. Na gari la familia ni hilohilo.

Sasa sikiliza mambo yetu. Pikapu ina viti vya mbele tu, na kwetu mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake. Hamtazami usoni, na kulalamika mbele yake ndiyo kabisa hathubutu. Nilijitolea kukaa katikati niwe ukuta, hata kama gia itanichoma magotini. Mama akakataa. "Nitapumuaje humo ndani, na mkwe wangu naye anapumua?" Kwa hiyo anatandikiwa godoro nyuma kwenye bodi, juu ya zile springi, na mimi, mtu ambaye safari yangu ndefu ya hiari ni kutoka kwenye kochi kwenda jikoni, nakaa naye nimemshika mabega.

Siku moja tulifika kwenye korongo kubwa, gurudumu moja la nyuma likapita juu ya shimo. Springi nzuri ingelishusha likakanyage chini. Yetu ilikaza. Gurudumu likabaki linazunguka hewani, gari likaegemea upande, na shemeji akakanyaga mafuta. Tulirushwa. Mama alirudi chini kwa kiuno. Hakupiga kelele, aliuma pindo la khanga, machozi yakamtoka, vumbi likayageuza tope.

Tulipofika hospitali shemeji alisimama mbali, akaangalia ukuta, akaniuliza, "Shemeji, mama amesafirije?"

Mama akaangalia ukuta mwingine. "Mwambie nimesafiri salama. Mungu ambariki."

Mwezi uliofuata alisema ana palizi. Mwezi mwingine, kuku wanaatamia. Kisha dada alikwenda kumwona, akanipigia simu analia: mama sasa anatembea kwa kushika ukuta, na amesema pikapu ile hatapanda tena, atafia kwake.

Nilimfuata shemeji gereji.

"Punguza springi."

Akacheka na gereji nzima ikamsaidia kucheka. "Mtu wa kochi! Wewe gari yako ya mwisho si ile ya mabua?"

"Mama anaumia."

"Nani kakwambia? Mama mwenyewe hajawahi kulalamika. Yule ana shukrani kuliko ninyi wanawe."

Nilitamani kumpiga na spana. Nikakumbuka kwamba yeye anabeba marobota na mimi nabeba rimoti.

Nilirudi kwenye kochi, lakini safari hii kwa hasira. Nilisoma sekondari Iringa, nikikaa Kihesa kwa shangazi, na katika fizikia nilipata alama ambayo shangazi aliombwa asiitaje. Hata hivyo nilitazama kwenye simu video za watu wanaopandisha magari kwenye majabali kwa starehe tu, magurudumu yao yanapanda na kushuka kama miguu ya buibui, na dereva anakunywa soda. Watu hao hawana hata mgonjwa nyuma! Nikamwonyesha dada, dada akamwonyesha mumewe. Sijui alisema naye nini, ila shemeji alikubali. Msimu wa tumbaku ulikuwa umekwisha, hakuwa na kisingizio.

Tulitoa mapande yote ya kuongeza. Yaliyobaki yalikuwa yameshikana kwa kutu kama chapati za jana, tukayatenganisha, tukayasugua, tukayapaka grisi. Kile kining'inio cha nyuma, ambacho kazi yake ni kucheza ili springi ipate kurefuka, kilikuwa kimekazwa hata hakisogei. Tukakilegeza na kukiwekea bushi mpya, zile pete za mpira. Shokapu zilikuwa fupi, zinalivuta gurudumu juu kabla halijafika chini ya shimo. Tukaweka ndefu. Mimi kwa ujuzi wangu wa simu nikaamuru litolewe na pande moja la asili. Tairi likaanza kutafuna madigadi.

"Mhandisi," fundi akaniambia, "turudishe, au tununue madigadi ya chakula?"

Tukarudisha. Kisha tukapandisha gurudumu moja la nyuma juu ya rundo la mawe. Lilipanda peke yake, na mwenzake akabaki chini amekanyaga vizuri. Nikalala mwenyewe kwenye bodi, shemeji akapita mawe yale mara kadhaa. Nilitikisika kama mtoto mgongoni, basi.

Nikampigia mama simu, nikamwapia. Akasema haya, atakuja.

Siku ya safari shemeji alinipitia alfajiri. Matako yalikuwa juu.

"Jana nimerudisha mapande, shemeji, usinune. Wamenicheka kijiweni. Wanasema gari imepata kiharusi."

Nilipanda, nikabamiza mlango. Mpaka Chunya nilitazama nje tu.

Mama alikuwa mlangoni, mkono ukutani, amevaa nguo zake za kanisani. Aliitazama pikapu. Akauacha ukuta wa nyumba, akaja taratibu akivuta mguu, akashika madigadi, na shemeji kwa adabu akainamisha uso.

"Wewe gari," mama alisema, "mimi na bwana wako hatuna ugomvi. Nampenda, kamwoa mwanangu, anamlisha. Ugomvi wangu ni na wewe. Umenivunja. Unanirusha kama gunia la pumba, na mimi nimeuma khanga mpaka imetoboka. Kama unaona aibu kuinama kwa ajili yangu, geuka uende. Niache na miguu yangu ife hapahapa kwangu."

Shemeji alibaki anatazama viatu vyake. Halafu sauti yake ikatoka ndogo: "Shemeji, mwambie mama gari limesikia."

Alitoa jeki nyuma ya kiti, akalala chini kwenye vumbi, akafungua boliti. Jua lilikuwa limepanda sana alipomaliza, na yale mapande ya kuongeza aliyatupa nyuma ya choo cha mama.

Kwenye korongo, gurudumu liliingia shimoni, likakuta ardhi, likatoka. Bodi iliinama kidogo tu. Mama hakunishika hata mkono.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" Nilikuwa nafoka, najua, mbele ya mgonjwa.

"Ningesemaje na mkwe wangu?"

"Leo umesema!"

"Leo nimesema na gari."

Hospitali, daktari alimchomachoma miguuni kwa sindano. Mguu wa kulia ulisikia. Wa kushoto haukusikia kitu mpaka karibu na goti. Alirudia, polepole, huku mama akimtazama usoni kama anayemsubiri aseme kwamba amekosea. Daktari akanigeukia, sauti imepanda: mgonjwa wa namna hii, miezi yote hii, mlikuwa wapi?

Nikamwambia tulikuwa tunaheshimiana.

Hakuelewa, na sikuwa na nguvu za kumwelewesha. Akasema aletwe kila wiki mbili, na asikose tena.