Wanataka Nitaje Jina la Mwanaume Ndipo Mugongo wa Bwana Yangu Upone

Bonjour admin. Tafazali ficha jina langu na picha yangu, juu familia ya bwana yangu inasoma hii page kila siku.

Niko mwanamuke wa miaka thelathini na moja, niko na batoto batatu, naishi Likasi, upande wa Shituru. Nauzishaka mukate na sukari ku soko. Bwana yangu anabebaka mifuko ya mawe ya shaba kule Kambove, toka shimoni mpaka ku gari. Ao niseme alikuwa anabeba. Sasa ni zaidi ya miaka miwili mugongo unamusumbua, pale chini karibu na kiuno, na hakuna muntu ametuambia wazi ni ugonjwa gani.

Tumezunguka, ndugu zangu! Munganga wa kwanza, daktari wa lupitalo, alisema malaria. Wa pili tifoide. Mwingine akasema ni figo, akamupa dawa zilizomutapisha wiki nzima, na mugongo ukabaki palepale. Kila mahali tunatoka na jina jipya na kifuko cha vidonge. Asubuhi hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mimi njo namufungia, na yeye anaangalia ukuta juu ya haya.

Mwishowe wakamupiga radio, ile picha ya mifupa. Ikatoka safi, mifupa haina kitu. Nikafurahi kama mujinga, nikakimbia mwenyewe kumuambia mama mukwe. Kumbe nimejipeleka! Alikaza kitenge chake vizuri, kisha akasema: "Kama haiko mu mifupa, basi iko mu nyumba."

Mutanielewa. Kwao bwana yangu wanasema mwanamuke akitoka inje ya ndoa, ugonjwa unaingia ku bwana ao ku batoto, na hautoki mpaka atubu mbele ya familia na kutaja yule mwanaume. Wanaita tshibawu. Mimi niko mutoto wa Wakatoliki, kwetu hatuna hiyo desturi. Na Mungu ananiona, tangu niolewe sijajua mwanaume mwingine. Hata soda ya muntu sijawahi kukubali.

Wakafanya kikao, wao ku viti, mimi chini ku mukeka. Nikajaribu kuwaambia: ni ile mifuko ndiyo imemuvunja. Mama mukwe akanijibu mbio: "Benzake banabeba mifuko ile ile. Juu ya nini bao banatembea?" Neno hilo linaniuma mpaka leo, juu hata mimi najiuliza.

Kuna munganga mumoja kijana, yeye ndiye alituelezea vizuri. Alisema radio haionyeshi mishipa wala vile vitu laini katikati ya mifupa, kwa hiyo inafaa skana, na skana tutaipata Lubumbashi. Kisha akanivuta pembeni: "Mama, muguu ukianza kufa ganzi, ao akishindwa kuzuia mukojo, musingoje hata siku moja."

Juma hili bwana yangu alikuwa anatoka uani. Nikaona babushi yake moja, ile kandambili ya mupira, imebaki katikati ya njia. Alikuwa amefika mulangoni na muguu mutupu, na hakusikia kitu! Nikaiokota, nikaificha nyuma yangu batoto wasiione.

Kaka yake mukubwa wa Lubumbashi yuko tayari kulipa skana na kutulaza kwake. Lakini kaka anamusikiliza mama yao, na bwana yangu naye hawezi kupanda gari bila baraka ya mama. Na mama ameapa: hakuna baraka mpaka nitaje jina. Shangazi yao ananipenda, alinifuata jikoni akaninong'oneza: "Mwanangu, taja ata muntu alishakufa. Nani atamuuliza?" Nikacheka. Halafu nikalia.

Nilidhani bwana yangu atanitetea. Akanishika mukono, akasema: "Mama batoto, sema tu. Weye na miye tunajua ni uongo. Tupate kwenda."

Nikamuuliza: "Weye unajua kweli?"

Akaangalia muguu wake. Kisha akasema: "Najua." Lakini alichelewa, ndugu zangu. Nilisikia vile alichelewa, na tangu pale sipati usingizi karibu naye.

Nikikubali, na skana ikaona kitu, watasema ni kutubu kwangu kulikofungua njia. Isipoona kitu, watataka jina la pili. Batoto wangu watakua wakiitwa batoto ba malaya mu mutaa wote. Nikikataa, ule muguu utakufa mbele ya macho yangu na watasema mimi ndiye niliuua. Nimechoka, vraiment. Nina hasira na mama mukwe, nina hasira na wanganga waliotupa majina kama karanga, na Mungu anisamehe, kuna saa nina hasira na mugonjwa mwenyewe.

Jumapili hii familia inaningoja nijibu. Leo asubuhi nilikuwa nasukula sahani, nikashtuka: natafuta jina. Na nimelipata. Ni baba mumoja, jirani mwema, alikufa mwaka jana. Mujane wake tunauzisha naye meza moja ku soko. Kila mara nikimupeleka bwana yangu ku lupitalo, yeye njo anabaki kunichungia mukate wangu.

Ninyi mulio na ndoa, ninyi mulio na mama mukwe, nawaomba munijibu mbele ya Jumapili. Nifanye nini?