Kipande cha Kuungia Maharage

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Nisingeisimulia kama si hasira niliyoipata mwezi uliopita kule Buswelu. Nilialikwa harusini, nikapitia jikoni kwanza (mimi ni mtu wa jikoni, ukumbini huwa nasinzia), nikamsikia kijana mpishi akimwambia mwenzake, "Tia tu, bwana, kwani watajua?" Sikuuliza alikuwa anatia nini. Niliondoka bila kula, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Nimeamua kuigawa, na fungu lako ndilo hili.

Miaka ile ya tisini, soko huria lilipoingia, kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilitupunguza. Wenzangu wote wakawa wafanyabiashara ghafla: huyu mitumba, yule samaki, mwingine aliuza maji ya ziwa kwenye chupa akayaita dawa ya mgongo. Mimi nikakaa nyumbani Mkuyuni nikapika. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na aproni ya marehemu mama. Jina langu Shija, basi mtaani wakaniita Mama Shija. Nilijifanya nakasirika, lakini ukweli nililipenda jina hilo, maana hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyenishinda kupika maharage. Na mgema akisifiwa tembo, mwanangu, unajua anachofanya.

Babu yangu alipofariki, msiba ukawa kwetu. Siku mbili za kwanza tulikula nyama ya ng'ombe, aliyechinjwa na Mwislamu wa mtaani kama ilivyo desturi yetu, ili pasiwe na jirani wa kubaki nje. Siku ya tatu nyama ikaisha, wageni hawakuisha. Jiko lilikuwa chini ya Shangazi Kabula, dada yake baba, mama mnene wa kwaya, sauti yake inasikika ng'ambo ya barabara. Asubuhi akaniita.

"Shija, leo maharage. Nenda sokoni, tafuta mifupa ya ng'ombe ya kuungia, yapate ladha. Mifupa, umesikia? Usiniletee ufundi."

Sokoni mifupa ilikuwepo, mizuri kabisa, imejaa uboho. Niliitazama nikaona ni ya kawaida mno kwa mtu wa hadhi yangu. Mjomba wangu mmoja aliwahi kuwapikia mapadri wa Kizungu kule Sengerema, naye alinieleza kwamba maharage na nguruwe wa kukaushwa kwa moshi ni mume na mke. Na kitimoto, kama tunavyoiita nyama ya nguruwe, siku zile kilikuwa kimeanza kuuzwa waziwazi. Nikaiacha mifupa, nikaenda kwa bwana mmoja aliyekausha nguruwe uani kwake, nikachagua kipande cha ukubwa wa sabuni ya mche. Nikakifunga uzi mrefu ili nikivute na kukitoa kabla ya kupakua.

Usidhani nilisahau kwamba nusu ya majirani zetu walikuwa Waislamu. Laiti ningesahau! Usahaulifu una msamaha wake. Nilikumbuka vizuri sana, ndiyo maana nikafunga uzi. Nilikumbuka pia kwamba ile sufuria kubwa niliyokuwa napikia tuliiazima kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyemletea babu uji kila asubuhi miezi yote ya ugonjwa wake. Nikajituliza kwa methali: ukila na kipofu usimguse mkono. Ona akili yangu! Methali ya wahenga nikaifanya ruhusa ya kumwibia kipofu.

Ilipofika saa saba, maharage yalinukia mpaka barabarani. Nikavuta uzi wangu, nikatoa kipande, nikaenda kukila nyuma ya choo. Sitakudanganya, kilikuwa kitamu. Nikarudi kifua mbele, nikamkuta Shangazi ameinamia sufuria, pua imetangulia.

"Shija. Huyu ni nani humu ndani?"

"Ni maharage, shangazi."

"Usinifanye mtoto! Mnyama huyu namla kila Jumapili nikitoka kanisani, namjua kuliko unavyomjua wewe. Nakuuliza, hapa msibani amefikaje?"

Nikanong'ona kwamba nilimfunga uzi, na nimeshamtoa.

"Umemtoa? Na mafuta yake umeyatoa? Haya, nitolee na harufu, nione."

"Shangazi, hakuna atakayejua."

"Wewe unajua. Mimi sasa najua. Amebaki Mungu, au naye umemfunga uzi?"

Akapaza sauti watu wasipakue. Lakini sahani za akina mama wazee zilikuwa zimeshatangulia. Nikamwona Bi Zuhura kwenye mkeka wa akina mama, ameshanawa, amekata tonge la ugali na analichovya. Shangazi akanisukuma mgongoni.

"Mkono wako umetia, mdomo wako ukaseme. Kimbia!"

Nikakimbia na aproni yangu, nikiruka miguu ya watu. "Bi Zuhura, usile! Usile, bibi!"

Tonge likaishia njiani. "Kuna nini, mjukuu wangu? Kimeanguka kitu?"

"Nimeungia nguruwe."

Bi Zuhura akalirudisha tonge sahanini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaomba maji, akanawa. Nilitegemea matusi, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshayaandalia majibu. Hakunitukana. Aliniuliza tu:

"Na jana, Shija? Jana na juzi nilikula hapa. Ulinilisha nini?"

Nikaapa kwamba ilikuwa ng'ombe. Nikaapa kwa mama yangu, nikaapa kwa babu ambaye udongo wake ulikuwa haujakauka. Ilikuwa kweli tupu, mwanangu, na haikunisaidia kitu, kwa sababu kama ningekuwa nadanganya ningeapa vilevile. Nilimwona machoni anavyorudi nyuma kuhesabu vyakula: pilau ya ubatizo wa mdogo wangu, ndizi za Krismasi, kila sahani aliyowahi kupokea mkononi mwangu. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Tonge ambalo hata hakulimeza liliozesha miaka yote ya ujirani wetu.

Vijana wakaanza kulalamika kwamba wao ni Wakristo, waachiwe wale. Shangazi akawaka moto. "Msibani hakuna chungu cha hawa na chungu cha wale! Mwageni!" Nikachimba shimo, nikayazika maharage yangu mazuri kuliko yote niliyowahi kupika. Watu wakala ugali kwa chumvi na pilipili, wakinitazama kila wakimeza. Mzee mmoja akaniambia, "Mama Shija, leo umetuzalia njaa."

Bi Zuhura akataka sufuria yake ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yake inavyosema. Nikaisugua mbele ya waombolezaji mpaka kucha zikauma. Nilipompelekea, aliipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Shija. Lakini kula, sitakula."

Na hakula. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hakukosa shughuli yetu hata moja. Alikuja harusini kwangu akacheza, alikuja mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa. Alikaa nasi, akatutania, halafu chakula kilipoletwa akafunua kibakuli chake alichokuja nacho ndani ya kanga. Nilikuwa namtazama akila peke yake katikati ya watu. Mpaka siku tulipomzika, hakuwahi kuja kwetu bila kibakuli kile.

Sasa niambie nisikasirike nikisikia "kwani watajua?" Ninyi mnaotia maji kwenye maziwa, mafuta ya juzi kwenye sufuria ya leo, nyama ya mnyama asiyejulikana kwenye mishikaki, mnadhani mnamdanganya mjinga. Mjinga hayupo! Yupo mtu aliyewaamini akafungua mdomo. Kufungua mdomo mbele ya mkono wa mwenzio ni heshima kubwa kuliko kupewa cheo, nanyi mnaifanya nafasi ya biashara.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipika maharage ya watu wengi, chagua mfupa wa ng'ombe wenye uboho, uutie mapema pamoja na kitunguu, uwe na subira. Yatakuwa matamu ya kutosha. Lakini hata ukichagua kingine, kichague kile unachoweza kukitaja kwa sauti mbele ya kila atakayekula. Kama kuna hata mmoja ambaye ungemwonea haya kumtajia, usikitie, hata kama kingeifanya sufuria nzima iimbe. Wala usingoje kuulizwa. Ukishaulizwa umechelewa, hata ukweli wako hautaaminika.

Haya, nenda. Mungu akubariki, akuzidishie watu wa kukaa nao mkekani, na siku utakapowapakulia mkono wako usitetemeke.